Nani Atasema "Turudi"?

Mwaka 2024 ndoa yangu ilitikiswa na shimo. Ndiyo, shimo. Lina urefu wa kilomita 446, kwenda chini ni kama kilomita 1.6, na jina lake ni Grand Canyon, kule Arizona, Marekani. Wifi yangu anaishi Phoenix na kila mwaka alikuwa anatuita. Safari hiyo mzee akasema tunakwenda, likizo ya mwezi wa sita, na watoto wote wawili: wa kiume miaka 9, wa kike miaka 5.

Mimi nikaanza kununua kofia. Mwenzangu akafungua kompyuta. Baada ya wiki akaniletea ratiba aliyoichapa ofisini, tena ya rangi: Grand Canyon, Antelope Canyon, Monument Valley, Bryce, Zion, halafu Las Vegas. Siku 6! Nikamuuliza, "Baba, sasa hapa watoto watakojoa saa ngapi?"

Hilo tulilimaliza kwa kucheka. Lililotuchoma ni mstari mmoja wa siku ya pili: "Baba na dume, kushuka hadi mtoni na kurudi." Na alikuwa ameshamwahidi mtoto.

Nikaanza kusoma. Uongozi wa hifadhi yenyewe unawasihi watu wasijaribu kushuka hadi Mto Colorado na kupanda siku hiyohiyo, hasa kuanzia Mei hadi Septemba. Mwezi wa sita, juu kwenye ukingo wa kusini, joto la mchana ni kama nyuzi 27, hali ya hewa ya kuvaa gauni zuri na kupiga picha. Chini mtoni siku hiyohiyo ni nyuzi 38 na kuendelea. Nikampelekea. Jibu lake? "Mama, sisi watoto wa Dar, joto tumezaliwa nalo. Na Kilimanjaro nilipanda nikiwa chuo, leo shimo linishinde?"

Jamani, naomba niwaeleze, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui. Joto la Dar lina huruma, jasho linakutiririka mpaka unajua umechoka. Jangwani hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona mzima kumbe maji yamekwisha mwilini. Na ukinywa maji matupu siku nzima bila kula kitu chenye chumvi, napo unajitafutia balaa lingine, chumvi inashuka mwilini. Halafu korongo ni mlima uliogeuzwa. Kilimanjaro ukishindwa unageuka, unateremka. Kule unateremka kwanza, una nguvu, unaimba, na ukishachoka ndipo mlima unaanza, jua likiwa utosini.

Ningemwambia hivyo kwa upole ingetosha. Lakini mimi nikasema, "Wewe utaniulia mtoto kwa sifa zako."

Siku tatu hatukusemeshana. Tulikuwa tunatumiana watoto. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Mnaoishi na mtu mnaijua nyumba ya namna hiyo, hata televisheni inaonekana kama inapiga kelele.

Wifi ndiye aliyetuokoa. Alipiga simu, akamwambia kaka yake kwamba Phoenix mwaka 2023 walikaa siku 31 mfululizo joto la mchana likifika nyuzi 43 au zaidi, na kwamba wenyeji wenyewe hawalifanyii mzaha. Kisha akaniomba mimi, akaniambia jambo ambalo halikunipendeza: "Wifi, kaka hajakasirika kwa sababu ya mto. Umemwambia hajui kulea."

Nikaomba radhi. Usiku ule tukakaa mezani, ratiba katikati, tukaichana. Tukaacha Utah yote, tukaacha Las Vegas, tukabaki na Grand Canyon siku 3. Na tukawekeana sheria moja ambayo nawashauri muiweke kabla ya kukata tiketi, muwe mnakwenda Arizona au Mikumi: yeyote kati yetu akisema "turudi", tunarudi. Hakuna kujadili njiani, na hakuna kusutana baadaye. Hiyo ya kusutana ndiyo ngumu, nitawaambia.

Mambo ya pesa nitayapitia haraka. Vyumba vya ndani ya hifadhi vinaanza kuuzwa miezi 13 kabla, sisi tulichelewa tukalala Tusayan, kamji kadogo nje ya lango. Mabasi ya ndani upande wa kusini ni ya bure. Ila tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani, kuanzia miaka 16, anadaiwa dola 100 za ziada kwa kichwa katika hifadhi 11, na Grand Canyon, Zion na Bryce zimo. Masharti ya viza nayo kwa sisi Watanzania yamebanwa, kwa hiyo ulizia hayo kabla ya kuahidi mtoto chochote. Ukingo wa kaskazini usiutegemee kwa malazi, hoteli yake kongwe iliteketea kwa moto wa msitu Julai 2025.

Basi, asubuhi ya siku ya pili tukaamka usiku. Saa 11:30 alfajiri tuko kwenye njia ya Bright Angel, watoto wamevaa masweta wanatetemeka. Nani angeamini! Binti yangu alikuwa ameahidiwa kuona nyumbu. Kuwaona zizini akaangua kilio, maana yeye aliwategemea wale wa Serengeti, na hawa ni watoto wa punda na farasi.

Lengo lilikuwa kibanda cha kwanza cha kupumzikia, kilomita 2.4 kwenda chini. Maji tulibeba kutoka juu, kwa sababu bomba la huko limezeeka na hupasuka mara kwa mara. Karanga za chumvi, kofia pana, kila kitu. Tukapita tundu la kwanza lililochongwa kwenye mwamba, tukapita la pili. Rangi za mawe zikawa zinawaka jua linavyopanda, mimi nimenogewa kabisa.

Hapo mume wangu akasimama. "Turudi."

Nikamwangalia. Jua halijakolea, kibanda hakiko mbali, na mimi, mimi niliyelia siku tatu Dar, nikasikia mdomo wangu unasema, "Kidogo tu, tufike." Akanionyesha mdogo. Alikuwa amenyamaza. Huyu mtoto tangu azaliwe hajawahi kunyamaza dakika 10 akiwa macho.

Tukageuka. Kijana analia kwa hasira, mimi nimeng'ata ulimi. Kushuka kulituchukua dakika 50, kupanda karibu saa 2, baba kambeba binti mabegani nusu ya njia. Mara tatu nilitaka kusema "tungefika", mara tatu nikameza.

Mchana tulitembea juu ukingoni, kwenye njia ambayo kila mita 1 ni miaka milioni 1 ya umri wa mawe. Kijana akahesabu mpaka akasahau kununa. Akajaza kijitabu cha watoto cha hifadhi, akanyoosha mkono wa kulia, akaapishwa na askari, akapewa beji yake. Hiyo haikutugharimu hata senti.

Ramani ya korongo iko mlangoni mwa friji yetu hadi leo. Mstari wa kushuka mtoni kijana ameuchora upya kwa kalamu nyekundu na pembeni kaandika 2033, mwaka atakaotimiza miaka 18. Chini yake kuna mwandiko wa baba yake: "Mwezi wa kumi na moja, siyo wa sita."