DRC: Homa ya mapafu inaua watoto wengi kuliko Ebola, lakini hakuna anayeipigia mbiu

Kila tarehe 12 Novemba ni Siku ya Dunia ya Homa ya Mapafu. Kwetu Kongo siku hiyo ina uzito wa pekee. Kulingana na takwimu za UNICEF, ugonjwa huo uliua watoto wapatao 40,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano nchini DRC mwaka 2018. Ni Nigeria, India na Pakistan tu zilizopoteza watoto wengi zaidi.

Tulinganishe. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri iliua watu 2,287 kwa karibu miaka miwili. Ilileta mahema, magari, wataalamu na fedha nyingi, na ilistahili kupigwa vita. Homa ya mapafu, nayo, inachukua mtoto mmoja hapa na mwingine kule, kila familia ikizika peke yake. Hakuna kinachoitwa mlipuko, kwa hiyo hakuna dharura.

Wengi bado wanasema ni baridi tu. Kumbe ni vijidudu vinavyoingia mapafuni, na mtoto dhaifu ndiye anayeshindwa kupambana navyo. Udhaifu huo tunaufahamu: utapiamlo, kukosa maziwa ya mama pekee katika miezi sita ya kwanza, moshi wa kuni na makala ndani ya nyumba, na watu kusongamana, hasa wale waliokimbia vita. Surua pia hufungua mlango. Ile iliyoanza mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, na homa ya mapafu ni moja ya njia kubwa ambazo surua huua watoto.

Hatari nyingine ni kuchelewa. Mtoto akipata homa, familia nyingi hufikiria malaria kwanza na kununua dawa ya malaria, huku siku zikipita. Wazazi wanaweza kutazama jambo moja: pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hesabuni anavyopumua kwa dakika moja nzima. Kwa mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, msingoje asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi 2 akiugua, apelekwe mara moja.

Lakini mzazi anayewahi kituo cha afya anapaswa kukuta kitu. Vidonge vya amoksisilini vya kuyeyusha kwenye maji ni vya bei nafuu, ila mara nyingi huishia mjini. Aliyezidiwa anahitaji oksijeni, na mashine ya oksijeni inahitaji umeme ambao vituo vingi havina. Chanjo ya kukinga vijidudu vya nyumokoki imo katika kalenda ya taifa tangu mwaka 2011, lakini bado kuna watoto wasioipata kwa sababu ya umbali, vita au friji iliyoharibika.

Hapo ndipo serikali na wafadhili wanapotakiwa kujibu. Dawa ipo, chanjo ipo, dalili zinajulikana. Ebola ilionyesha kwamba fedha na magari vinaweza kufika hadi kijijini, pale viongozi wanapoamua.