Wanufaika wa Cowling ni Akina Nani?

Kila aliyewahi kuomba fedha za utafiti katika vyuo vyetu vikuu anaifahamu safu ile ya fomu: "Wanufaika wa moja kwa moja". Hutakiwa awataje, awahesabu, kisha aeleze watanufaika katika robo ipi ya mwaka. Nathubutu kusema kuwa safu hiyo inaua sayansi kuliko hata ukosefu wa fedha wenyewe.

Mtazameni Thomas Cowling, mwanahisabati Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1906. Mwaka 1919 Joseph Larmor alikuwa amependekeza kwamba usumaku wa Jua, na pengine wa Dunia pia, huzalishwa na mwendo wa kimiminika kipitishacho umeme ndani yake. Pendekezo hilo lilivutia. Chuma hupoteza usumaku wake kipitapo nyuzi joto 770 hivi za Selsiasi, na katika kiini cha Dunia, kinachoanzia kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, joto ni maelfu ya nyuzi. Sumaku ya kudumu haiwezi kuwamo humo. Pasipo kitu cha kuuzalisha upya, usumaku huo ungefifia katika makumi ya maelfu ya miaka, ilhali miamba inashuhudia kwamba umekuwapo kwa zaidi ya miaka bilioni 3.

Cowling akashika kalamu na, mwaka 1933, akathibitisha kwamba uga wa sumaku wenye ulinganifu kamili kuuzunguka mhimili wake hauwezi kudumishwa na mwendo wa namna hiyo. Basi. Sasa mjazieni fomu. Wanufaika: hakuna. Bidhaa: hakuna. Matokeo: lililotarajiwa haliwezekani. Kamati gani kati ya zetu ingempa hata nauli?

Hata hivyo ni kukanusha huko kulikowaonyesha waliofuata mahali pa kutafuta, yaani katika miendo iliyopindapinda, isiyo na ulinganifu. Ilipita robo karne. Mwaka 1958 George Backus na Arthur Herzenberg, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kwamba kimiminika chaweza kweli kudumisha usumaku wake. Mwaka 1995 Gary Glatzmaier na Paul Roberts (huyu naye ni mwanahisabati) wakachapisha mfano wa kompyuta ambao uga wake ulijidumisha wenyewe, na ncha zake zikabadilishana mahali, kama zilivyofanya za Dunia mara nyingi huko nyuma. Tangu Larmor hadi hapo ni miaka 76. Hesabuni wenyewe ni mipango mingapi ya maendeleo ya miaka mitano mitano.

Nitajibiwa kuwa hizo ni anasa za wenye nacho, na kwamba sisi tuna madarasa yasiyo na madawati. Hoja hiyo ingekuwa na uzito iwapo hisabati ingekuwa ghali. Nadharia ile haikuhitaji maabara. Ilihitaji muda wa mtu ambaye tayari analipwa mshahara. Warsha moja ya siku tatu hotelini ya kujadili "utafiti wenye tija", pamoja na posho zake, ingetosha kumpunguzia mhadhiri kijana mzigo wa kufundisha kwa muhula mzima. Warsha hizo, lakini, hazikosi wanufaika wa moja kwa moja.

Wanaoumia ni wanafunzi. Kijana hodari wa milinganyo ya mienendo ya vimiminika hushauriwa abadili mada, atafute yenye "mdau". Akikubali, tumempoteza, akikataa, huondoka nchini, nasi tukaandaa warsha nyingine kuhusu wasomi wanaohama.

Ndugu zangu mlioko wizarani, fomu ni yenu. Chini ya safu ya wanufaika ongezeni kisanduku kimoja: "Bado hawajulikani". Na atakayekitia alama, asipunguziwe alama.