Bakora na Kisingizio cha China

Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, ni nchi ya mananasi. Mkulima wa huko ajua kuwa nanasi lililotupwa kwa kishindo huweza kubaki na ganda zuri, na ndani likawa linaoza. Lakini mtoto apigwapo, pwani nzima hutazamwa ganda: kesho yake ameamka, amekwenda chuoni, basi hakuumia.

Watetezi wa bakora hawakosi methali: mchelea mwana kulia hulia yeye, samaki mkunje angali mbichi. Siku hizi wameongeza na China. Wachina, wadai, wameendelea kwa sababu hawadekezi watoto.

Hoja hiyo ni dhaifu tangu kwenye neno. Wachina huyaita malezi hayo guan, neno libebalo maana mbili pamoja: kutawala na kutunza. Watetezi wetu wametwaa ya kwanza, ya pili wakaitosa baharini. Tena, Amy Chua wa Marekani alipotoa mwaka 2011 kitabu chake kuhusu ukali wa "mama simbamarara", jibu halikukawia. Mwaka 2013 Su Yeong Kim na wenzake walitangaza matokeo ya kuzifuatilia kwa miaka 8 familia 444 za Wamarekani wenye asili ya China. Watoto wa wazazi wakali namna hiyo walikuwa nyuma kimasomo, na wenye huzuni zaidi, kuliko wenzao waliolelewa kwa upole na uangalizi. Ukali huo haukuleta hata alama za mtihani.

Na kwetu? Utafiti wa kitaifa wa 2009, Bara na Visiwani, uliochapishwa 2011, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walitendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Waliohojiwa walikuwa na umri wa miaka 13 hadi 24. Leo ni watu wazima, wengi wao wazazi. Miongoni mwao yumo baba asiyejua kuomba radhi nyumbani mwake, yumo mama ashtukaye mlango ukibamizwa, na wote wawili huiita hali hiyo adabu. Kisha hushika bakora ileile.

Adabu ya kweli ina maneno: mtoto huitwa, huketishwa, huelezwa kosa lake, naye husikilizwa. Hayo yataka subira, na subira haimo katika bakora. Methali yenyewe yasema samaki akunjwe, haisemi avunjwe.