Mdomo wa Kobe, Jamaa ya Ng'ombe

Tukikuta porini fuvu la mnyama lisilo na nyama wala ngozi, twajuaje kwamba ni la mnyama gani? Mwindaji hutazama meno, mfugaji hutazama pembe. Lakini kama mnyama yule alitoweka duniani kabla ya mwindaji wa kwanza kuzaliwa, ni nani atakayetuambia ukoo wake? Juma hili twawaeleza habari za fuvu la namna hiyo, ili tuone jinsi wataalamu wanavyopambanua jamaa na mgeni pasipo kudanganywa na sura ya nje.

Huko Afrika ya Kusini, mwaka 1838, Andrew Geddes Bain, ambaye kazi yake ilikuwa kujenga barabara, alianza kuokota mifupa iliyogeuka jiwe. Baadaye aliipeleka London, na mwaka 1845 mtaalamu Richard Owen akaandika habari zake. Fuvu lilimshangaza. Mbele lilikuwa na mdomo kama wa kobe, na katika taya la juu meno mawili tu, makubwa, yaliyoelekea chini. Kwa ajili ya meno hayo akampa mnyama jina la Kigiriki, Dicynodon, maana yake mwenye meno mawili ya mbwa. Siku hizi ukoo wake wote huitwa disinodonti.

Mifupa yao imeonekana pia karibu na kwetu: katika bonde la Luangwa, nchi ya Zambia iliyo jirani ya Katanga, na katika bonde la Ruhuhu, mto uingiao Ziwa Nyasa upande wa kusini ya Tanzania. Mwaka 1963 wataalamu wa makumbusho ya viumbe ya London, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha mji ule, walisafiri mpaka mabonde hayo mawili wakatafuta na kukusanya mifupa ya kale.

Basi, mnyama huyu alikuwa nani? Atazamaye upesi atasema: mdomo ni wa kobe, kwa hiyo ni kobe. Lakini ninyi watoto wa shule, fanyeni kwanza jaribio dogo. Wekeni vidole penye panja, kati ya jicho na sikio, kisha umeni meno kwa nguvu. Mtasikia nyama inavimba chini ya vidole. Nyama hiyo ndiyo ivutayo taya la chini, nayo hupita katika nafasi iliyo nyuma ya jicho, ndani ya mfupa wa shavu. Mafuvu ya wanyama hutofautiana sana mahali hapo. Kobe hana tundu hata moja. Mamba ana matundu mawili kila upande. Ng'ombe, mbwa, na mwili wetu sisi wanadamu, una nafasi moja tu kila upande. Disinodonti naye ana moja. Kwa hiyo, ijapokuwa mdomo wake ulifanana na wa kobe, yeye ni wa jamaa ya wanyama wanyonyeshao.

Tusiseme, lakini, kwamba alikuwa baba yao. Hapo wengi hukosea. Baba mmoja huzaa watoto wengi, na kila mtoto huanzisha nyumba yake. Disinodonti walikuwa nyumba moja. Nyumba nyingine ya ukoo ule ule, iitwayo sinodonti, ndiyo iliyotoa wanyama wanyonyeshao. Ushahidi uko katika kiungo cha taya. Ndani ya sikio letu mna mifupa midogo mitatu ipelekayo sauti. Miwili kati yake, katika disinodonti, ilikuwa bado ni kiungo cha taya. Katika nyumba ile nyingine mifupa hiyo ilipungua polepole, kizazi baada ya kizazi, hata ikaacha kazi ya kutafuna ikashika kazi ya kusikia.

Mtu aweza kuuliza: mnyama asiye na magego alikulaje majani? Wengi wa disinodonti hawakuwa na magego kabisa. Lakini kingo za mataya yao zilifunikwa kwa kitu kigumu kama ukucha, na kiungo cha taya kilikuwa kirefu, kikiruhusu taya la chini kuteleza mbele na nyuma. Mnyama alipofunga kinywa, taya la chini lilivutwa nyuma, nayo majani yakakatwa kama kwa kisu. Na yale meno mawili? Mwaka 2021 wataalamu waliyakata vipande vyembamba wakavitazama kwa darubini ya vitu vidogo. Waliona kwamba wa kwanza wa ukoo walikuwa na meno ya kawaida, yenye ganda gumu la nje. Lakini baadhi ya waliofuata walikuwa na pembe za kweli, zisizo na ganda lile, ziotazo daima, mfano wa pembe za tembo.

Kwa mataya hayo walienea sana. Wengine walikuwa wadogo, wakichimba mashimo na kukaa ndani yake. Yapata miaka milioni 252 iliyopita viumbe wengi mno walikufa duniani, na disinodonti karibu wote. Miongoni mwa waliobaki alikuwa Listrosauri, ambaye mifupa yake iko Afrika ya Kusini, India, na hata katika Antaktika, ilikoonekana mwaka 1969. Hakuogelea bahari zile. Nchi hizo zilikuwa zingali zimeungana. Baadaye wengine walikua wakubwa, hata yule wa Polandi, aitwaye Lisowicia, akalingana na tembo. Kisha ukoo wote ukatoweka, miaka ipatayo milioni 200 iliyopita.

Haya yote twayajua kwa sababu watu waliokuta mifupa ile hawakuivunja. Tena wachimbaji wenye akili huandika mahali ulipolala kila mfupa na jiwe la namna gani liliufunika, kwa maana umri wake husomwa katika miamba. Mfupa uliong'olewa ovyo na kuuzwa sokoni umepoteza nusu ya habari zake. Basi, mtoto akiona kandokando ya mto jiwe lenye umbo la mfupa au jino, asilipige kwa nyundo wala asilibebe nyumbani. Atie alama mahali pale, amwite mzee au mwalimu wake, nao wapeleke habari kwa wenye elimu ya miamba.