HESABU YA MIZIGO IHESABU NA WATU

Ndugu wanachama,

Siku hizi njia ya mzigo haichaguliwi kwa kukisia. Wataalamu hupiga hesabu kwa kompyuta: mzigo kiasi gani utatoka, utakwenda wapi, utachukuliwa na treni au lori, na utapita njia ipi. Hesabu hiyo huonyesha pa kujenga reli na bohari. Kwa hiyo huonyesha pia kazi itahamia wapi. Si jambo la wakubwa peke yao.

Sisi hatuipingi reli. Lakini tukumbuke yaliyopita. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba mizigo mwaka 2018. Agosti 2019 Serikali iliamuru mizigo yote ya Nairobi na bara ipande reli hiyo. Watu wa Mombasa wakaandamana, na Oktoba amri ikasimamishwa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba amri za namna hiyo zilivunja Katiba. Septemba 2022 Rais mpya akaagiza kazi ya kutoa mizigo forodhani irudi Mombasa. Kila amri ilipogeuka, kuna waliopata kazi na waliokosa.

Nauli ya treni si gharama yote. Kasha likifika Nairobi hushushwa, hupakiwa tena katika lori hadi ghalani, kisha kasha tupu hurudishwa. Huko Naivasha reli mpya ina upana wa milimita 1,435, na ile ya zamani iendayo Malaba 1,000. Behewa la huku haliwezi kupita kule. Lazima kasha liinuliwe. Kila kuinua kuna malipo, na kila kungoja kuna hasara.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Saa za kungoja huzijua dereva, taniboi, kuli na karani wa forodha.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, hesabu ya njia za mizigo ianzie bandarini na kwisha mlangoni mwa ghala, si stesheni kwa stesheni. Pili, ihesabu kazi zitakazopotea, hata za mafundi wa Mariakani na mama wauza chai wa Mtito Andei. Tatu, vyama vya wafanya kazi viitwe kabla ya amri kutolewa, si baada ya maandamano.

Ndugu, leteni habari hizo katika mikutano ya matawi. Mzigo hauna mdomo, sisi tunao.

Umoja ni nguvu.