UKURASA WA WAZAZI: KUKETI PAMOJA NA WATOTO



Mwezi huu twataka kunena habari za kuwafundisha watoto nyumbani kwa michezo na kazi za mikono. Neno hili hatukulipata vitabuni. Tulifundishwa na nyumba yetu wenyewe, hapa Mwanza kando ya ziwa.

Mwakumbuka jinsi shule zilivyofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, hata shule za msingi zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni. Sisi, kwa kuwa tu walimu, tuliigeuza nyumba kuwa darasa. Tukawaketisha watoto mkekani, tukawapa kazi ya kunakili tangu asubuhi hata adhuhuri, kisha tukaenda zetu. Siku ya tano mmoja alilia juu ya hesabu zake, nasi tukamkemea. Twaungama kwamba kosa lilikuwa letu. Jioni mama yetu akatuambia, "Mwanangu, wawapa watoto kazi, lakini huketi nao." Basi tukaketi.

Kwanza tulicheza bao, ambalo Wasukuma huliita isolo. Watoto walichimba mashimo uwanjani, safu 4, kila safu mashimo 8. Tukawauliza, "Mashimo yote ni mangapi?" Wakajibu, "32." "Na tukitia mbegu mbili katika kila shimo?" Yule aliyelia ndiye aliyetangulia kusema, "64!"

Pili, vitendawili. Kila mtoto alitakiwa kutunga chake mwenyewe kwa mambo ayaonayo. Mmoja akasema, "Kitendawili!" Tukaitika, "Tega!" "Taa huwaita usiku, jua huwalaza mchangani." Tulishindwa, tukampa mji. Kumbe ni dagaa!

Tatu, tulichora ramani ya ziwa kwa majivu. Watoto wakaweka mawe: Mwanza kusini, Musoma mashariki, Bukoba magharibi, Kisumu katika Kenya, na Jinja katika Uganda, mahali Mto Nile utokapo ziwani. Mtoto mmoja akashika kijiti, akakiendesha kama meli toka Bukoba kuja Mwanza. Bibi yao akanyamaza. Kisha akawasimulia habari za meli MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa mamia ya watu, na ndugu yake mdogo alikuwa miongoni mwao. Watoto walikuwa hawajapata kusikia jina lake, kwa maana sisi hatukuwaambia kamwe. Mdogo wao akaokota jiwe jeupe, akamwuliza bibi mahali pa kuliweka. Tangu jioni ile jina lake hutajwa katika sala ya nyumba yetu.

Basi, wazazi, mbegu, majivu na mawe havinunuliwi. Kinachotakiwa ni saa moja ya jioni, na baba au mama aketiye chini pamoja na watoto. Nanyi walimu, msiwape watoto kazi ya nyumbani ya kunakili tu. Wapeni swali moja la kumwuliza mzee wa nyumba. Wazee wetu wanajua mengi yasiyoandikwa, nao hawatakuwa nasi siku zote.

Mwezi huu choreni ramani ya mahali penu, mmwite babu au bibi aketi karibu, nanyi msikilize.