Lushoto si pa kupiga picha na kuondoka

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, kuta za nyumba za Dar es Salaam na Tanga hushika joto mchana kutwa na kulitoa usiku, wenye nyumba wakiwa wamelala. Wenye uwezo huwasha kiyoyozi, waliobaki hufungua madirisha na kupambana na mbu. Wakati huohuo, mwendo wa saa chache kwa basi, watu wa Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi, wamejifunika blanketi. Hapana muujiza hapo. Hewa hupoa kwa nyuzijoto 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mji ule uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pwani ikifika nyuzi 32 huko juu huwa 24 au chini yake. Wasambaa waliijua baridi hiyo vizazi vingi kabla Wajerumani hawajauita mji Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na kuufanya mahali pa kukimbilia joto. Reli kutoka Tanga ilipofika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905 safari ya kupanda ikawa nyepesi zaidi, na Waingereza waliowafuata wakaendeleza desturi hiyohiyo. Watu wale walikuwa na mengi ya kulaumiwa, lakini jambo moja walilielewa: mlimani huendi kushinda, unakwenda kukaa.

Sisi tumeligeuza. Mtindo unaoenea sasa ni wa kosta inayoondoka mjini usiku, ikapandisha Mombo asubuhi, abiria wakasimama kwenye jabali la Irente wakipigana picha na tambarare ya Mazinde chini yao, wakapita maporomoko ya Soni, na jioni wakawa barabarani kurudi. Wanaopanga safari hizo hawafanyi kosa lolote, na kijana anayeiona nchi yake kwa namna hiyo amefanya vizuri kuliko asiyeiona kabisa. Ila ikiwa Halmashauri, Wizara ya Maliasili na Utalii na wenye nyumba za wageni wataijenga Lushoto kwa ajili ya msafiri huyo, wataharibu kitu pekee ambacho mji huo unacho na miji mingine haina, nacho ni utulivu wa siku kadhaa mfululizo. Hoja yangu ni kwamba mafanikio ya Lushoto yapimwe kwa usiku ambao watu wamelala huko. Idadi ya magari yaliyopanda haitoshi kuwa kipimo.

Tuanze na mlima wenyewe. Wataalamu wa viumbe huielezea milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, kuwa ni visiwa: vipande vya msitu wenye unyevu vilivyozungukwa na nyika kavu, kila kimoja kikiwa na viumbe waliotengana na wenzao kwa muda mrefu mno. Ndiyo maana kuna kinyonga wa pembe mbili wa Usambara Magharibi ambaye makazi yake ni huko tu, na kwera wa Usambara, na ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892. Leo ua hilo limo katika vyungu vya madirishani kote Ulaya, na Watanzania wengi hawajawahi kuliona. Anayetaka likizo ya kisiwani hufikiri Unguja au Mafia, nami sina ugomvi na bahari. Lakini hiki nacho ni kisiwa, na hakionekani kwa haraka. Katika msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ndege husikika alfajiri. Mbega hujitokeza wapendapo wao. Kinyonga hutafutwa usiku kwa tochi, kwa sababu akilala rangi yake hufifia na mwanga humwonyesha. Asubuhi nyingine ukungu hufunika kila kitu. Aliyefika saa 4 na kuondoka saa 9 alasiri amekosa karibu yote hayo, kisha atawaambia wenzake kwamba Lushoto ni jabali moja na baridi.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo hoja ya wanaotaka wingi wa watu inapodhoofika. Wanasema, na ni kweli, kwamba Lushoto ina watu wengi na mashamba madogo, kwamba vijana wake hushuka mijini kutafuta riziki, na kwamba utulivu haujazi sufuria. Tuangalie basi nani anaacha nini. Abiria wa kosta amekuja na chakula chake na soda zake, mafuta ya gari yamejazwa njiani, na mwongozaji wa safari amepanda naye kutoka mjini. Anachobakiza ni kiingilio, labda na mfuko wa peasi. Familia ya watu 5 ikilala usiku 4 inakula mara kumi na zaidi mezani pa mtu wa Lushoto. Itahitaji bodaboda, itamhitaji kijana wa kuionyesha njia za Magamba au za kijiji cha Mtae, na siku ya kuondoka itafunga kabichi, karoti na matunda damu kwa bei ambayo mkulima haipati kwa dalali wa Kariakoo. Isitoshe, barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni ni kilomita 33 za kona nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine, na mvua zikizidi udongo huporomoka. Barabara hiyo haikuumbwa kwa misafara ya sikukuu.

Serikali yenyewe imeshajua kwamba usiku ndio kipimo, ila inakitumia kwa wageni tu. Kwa miaka mingi watalii wa nje wanapoondoka nchini wamekuwa wakihojiwa katika utafiti unaowahusisha Wizara, Benki Kuu na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wakiulizwa walilala usiku ngapi na walitumia kiasi gani. Kuhusu sisi wenyewe kinachotangazwa kwa shangwe ni vichwa: mwaka 2024 watalii wa ndani walipita milioni 3. Ni habari njema, lakini kichwa kilichopita langoni kwa saa mbili na kichwa kilicholala wiki nzima huhesabiwa sawa. Ukimpima meneja kwa vichwa atakuletea vichwa, pamoja na spika za muziki.

Pingamizi zito zaidi linatoka nyumbani. Kwetu likizo ni ya kwenda kijijini: kuwaona wazee, kumalizia nyumba, kuhudhuria harusi na matanga ambayo mwaka mzima tumetuma rambirambi kwa simu. Mwenye kuyaacha hayo ili akae mlimani akitazama ukungu ataonekana amepotoka. Pingamizi hili nalikubali kwa nusu. Likizo ya kijijini ni wajibu na ni furaha, lakini si mapumziko. Mtu hurudi kazini akiwa na uchovu mwingine juu ya ule wa kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo. Kijiji kikichukua 24, zimebaki 4. Na mabasi yanayotoka Dar es Salaam kupeleka watu Moshi na Arusha mwezi Desemba, shule zikiwa zimefungwa na joto la pwani likiwa limeiva, hupita Mombo, chini kabisa ya mlima huo. Anayeuona mlima kila mwaka kupitia kioo cha basi angeweza kushuka akalala usiku mbili. (Msambaa aishiye Dar es Salaam ana bahati ya kupata vyote viwili kwa nauli moja.)

Wapo watakaosema kulala ni gharama, na kwamba utulivu ukishakuwa bidhaa hununuliwa na matajiri. Hofu hiyo ina msingi. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kimelindwa tangu miaka ya 1990 kwa kuwa na mabanda 7 tu ya wageni. Kimefaulu kutunza matumbawe na huwapokea wanafunzi wa Zanzibar kwa masomo, lakini bei ya kulala pale si ya mwalimu wa shule ya msingi. Lushoto haina haja ya kufuata njia hiyo, kwa kuwa imerithi kitu tofauti. Zipo gesti ndogo mjini, na zipo nyumba za taasisi za dini: shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, lenye jibini na mikate yake, na hosteli ya masista wa Usambara pale Ubiri, watengenezao jamu. Hazikujengwa kwa tamaa ya kuvuna msimu mmoja, na mwenye mshahara wa kawaida huweza kuzifikiria. Wawekezaji wa hoteli kubwa wasifukuzwe, lakini kodi na vibali vipendelee aina hii ya vyumba.

Kuhusu kuhesabu usiku, hakuhitajiki mradi wala mfadhili. Kila gesti ina kitabu cha wageni, na Halmashauri hukusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni kwa kufuata vyumba vilivyolaliwa. Takwimu zimo mezani pa wahudumu na katika risiti za ofisi ya mapato, mwaka baada ya mwaka. Afisa mmoja mwenye kompyuta anaweza kuzijumlisha kwa mwezi na kuzibandika kwenye ubao wa Halmashauri kabla Desemba haijafika.